Shuka Lililokwenda Nyumbani Kila Jioni

Ukimkuta Bi Pindo ameketi kwenye kitanda cha mtu, usishangae kumwona anainua kona ya shuka na kulipapasa kwa kidole gumba. Hakagui usafi wa mwenye nyumba, ingawa wenye nyumba wengi wameshanuna wakidhani hivyo. Anaangalia pindo tu. Akiona limepigwa mishono miwili anatabasamu, akiona ni mmoja anasikitika kimoyomoyo, na akiona uzi unaning'inia basi mazungumzo yote yatampita mpaka aombe mkasi. Jina hilo alipewa na wenzake kazini kwa sababu ya tabia hiyo, na siku hizi hata mama yake mzazi humwita hivyo anapotaka kumchokoza.

Yeye ni msimamizi wa zamu ya mchana katika jengo la kufulia la hospitali kubwa, nyuma kabisa ya wodi, karibu na bomba la moshi. Aliingia hapo akiwa na miaka ishirini na miwili, akaanza kwa kutenganisha mashuka machafu, kazi ambayo wengi huikimbia kabla mwezi haujaisha. Yeye hakukimbia. Baadaye akapelekwa kwenye mashine za kufulia, kisha kwenye chumba cha cherehani, na miaka mitano iliyopita akakabidhiwa zamu nzima. Cherehani hakuiacha. Kila siku baada ya chakula cha mchana hujipa saa moja ya kutia viraka, na ole wake atakayempigia simu saa hiyo.

Watu hudhani kufua nguo za wagonjwa ni kazi ya kusononesha. Hao hawajawahi kusimama pale asubuhi ya baridi wakati mashuka yanatoka kwenye mashine ya pasi, ya moto, yamenyooka, na wanawake wawili wawili wanayapokea, kila mmoja na kona zake, wanayakunja kwa hatua tatu bila kutazama mikono yao huku wakiisengenya nusu ya hospitali. Bi Pindo hakuolewa, na waliokuwa wakimhurumia kwa hilo wameshachoka wenyewe. Anaishi na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la mikate. Ana redio, ana dirisha linalopata jua la asubuhi, na ana rafiki. Ukimuuliza hali atakwambia, "Sina neno," na kwa kweli huwa hana.

Rafiki mwenyewe anaitwa Kicheko, mwanamke mnene wa mashine ya pasi. Jina lake linajieleza: akicheka upande wa pasi, upande wa sabuni wanaacha kazi kuuliza kulikoni. Miaka kumi na minane wamekula chakula cha mchana kwenye meza moja. Mama yake Bi Pindo alipofanyiwa operesheni ya macho kwenye hospitali ya mji mwingine, Kicheko aliomba ruhusa ya siku mbili bila kuombwa na mtu, akaenda nao, akamshika bibi kizee mkono wa kushoto na Bi Pindo akamshika wa kulia. Njia nzima bibi alilalamika kwamba wanamvuta kama mbuzi wa kununuliwa.

Mbea alikuja kazini mwanzoni mwa mwaka. Uongozi ulikuwa umechoka kununua mashuka. Kila mwaka yalitoweka kwa mamia. Wodi zikasema hayakurudi kutoka kufuliwa, wafuaji wakasema hayakuletwa kutoka wodini, na ukweli ukabaki katikati ya njia. Basi akaletwa mtaalamu, mama mmoja mpole wa ofisi ya kompyuta, na maboksi yake ya tagi. Zilikuwa vipande laini vya kitambaa, kila kimoja urefu wa kiungo cha kidole, na ndani yake chipu ndogo kuliko punje ya mtama. Kila tagi ina namba yake. Haina betri, alieleza mama wa kompyuta. Inakaa kimya ndani ya pindo la shuka mpaka kifaa cha kusomea kiirushie mawimbi ya redio, ndipo inapoitikia kwa kutaja namba. Kifaa kimoja kilifungwa juu ya mlango wa jengo kuhesabu kila kinachotoka na kinachoingia. Kingine kilikuwa cha mkononi, chenye mpini na kioo. Ukikielekeza kwenye rundo la mashuka mia moja, kinakutajia yote mia kabla hujamaliza kupiga chafya.

"Kwa hiyo hiki kinajua kila shuka liko wapi na limetoka na nani?" Kicheko aliuliza.

"Kinajua limepita mlango upi na saa ngapi," mama wa kompyuta alisema. "Limetoka na nani, hapo hakijui."

"Basi ni mbea aliyebakiza neno moja tu," Kicheko akasema, akapasuka kwa kicheko, na jina likaganda palepale. Kifaa cha mkononi kikaitwa Mbea, na hata meneja akawa anakiita hivyo akijisahau.

Wiki mbili nzima cherehani zote nne hazikupumzika. Bi Pindo peke yake alikuwa akishona tagi mia tatu kwa siku, mpaka jioni vidole vikawa havitaki kukunjuka. Lakini usidhani alimchukia Mbea kwa hilo. Alimpenda. Mwezi wa kwanza tu alipita naye wodi ya watoto, akiwa hana hili wala lile, na Mbea akaanza kulia mbele ya mlango wa stoo ya mifagio. Ndani kulikuwa na mashuka tisini na mawili. Muuguzi mkuu alikuwa ameyaficha kwa siku ya shida, na alipoulizwa alisema kwa macho makavu kabisa kwamba siku ya shida ilikuwa haijafika. Bi Pindo alirudi na troli zima, na wiki nzima akatembea kifua mbele.

Mbea alikuwa na udhaifu wa aina mbili tu. Shuka likiwa limelowa chapachapa, hasikii kitu. Na shuka likiwa limefungiwa ndani ya chuma, kama kwenye kabati la chuma, hapo napo anakuwa kiziwi. Mambo hayo mama wa kompyuta aliyasema siku ya kwanza, na kila mtu akayakariri.

Sasa, Jumatatu moja meneja alimwita Bi Pindo ofisini. Meneja si mtu mbaya. Tatizo lake ni kwamba akiogopa wakubwa wake huwageukia wadogo zake, nao ndio wanaomjua hivyo. Alikuwa na karatasi mezani.

"Bi Pindo, keti. Shuka namba nne-moja-saba unalijua?"

"Bosi, nina mashuka elfu kumi na ushee. Hilo moja limefanya nini?"

"Linatembea." Alimsogezea karatasi. "Kila siku saa kumi na nusu jioni linapita mlangoni kwako kwenda nje. Halimo kwenye troli lolote. Kesho yake saa moja asubuhi linarudi. Jumapili halitoki. Miezi miwili sasa. Limegunduliwa juzi tu, walipotoa hesabu ya mlango."

Bi Pindo alisoma karatasi juu mpaka chini. Saa kumi na nusu zamu yake hutoka. Saa moja asubuhi zamu yake huingia.

"Labda kuna mtu anajifunikia usiku," alisema, akijaribu kucheka. "Mwizi mwaminifu. Anarudisha."

"Mwizi ni mwizi. Sheria unaijua: mali ya hospitali ikitoka na mtu, mtu huyo naye anatoka. Na wakubwa wameshaiona karatasi hii. Ijumaa jioni naweka walinzi mlangoni. Kila mmoja wenu atavua koti na kumwaga mkoba wake palepale uani."

Hapo Bi Pindo hakucheka tena. Uani saa kumi na nusu ndipo wanapopita madaktari, jamaa za wagonjwa, wauza magazeti, dunia nzima. Wanawake wake wangemwaga vitu vyao vya ndani mbele ya watu wote hao kwa sababu ya mtu mmoja. Na mtu huyo mmoja, yeyote awaye, angefukuzwa kazi kwa ajili ya shuka la kitanda kimoja.

"Bosi, nipe mpaka Ijumaa mchana," alisema. "Nimtafute mwenyewe. Nikimpata, tuzungumze ofisini, si uani."

"Mpaka Ijumaa mchana," meneja akakubali. Alionekana kupumua.

Habari kama hiyo haifichiki. Kabla ya chakula cha mchana jengo zima lilikuwa linalijua shuka linalotembea. Mfuaji mmoja alisema ni la marehemu fulani wa wodi ya wanaume, linakwenda kumtembelea mjane. Mwingine alisema kuna mtu analikodisha. Bi Pindo alizunguka na Mbea kila kona, chini ya meza, nyuma ya mashine, juu ya rafu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mbea alitaja mashuka yote ya duniani isipokuwa lile.

Jioni ile, kwenye meza ya chakula, aliikunjua karatasi tena, na ndipo alipoona jambo ambalo meneja hakuliona. Mwezi uliopita kulikuwa na siku mbili, Jumanne na Jumatano, ambazo shuka halikutoka wala kuingia. Alivuta daftari la mahudhurio. Zamu yake ina watu kumi na watatu. Siku hizo mbili watu kumi na mmoja walikuwa kazini. Wawili hawakuwepo, kwa sababu walikuwa mji mwingine wamemshika bibi kizee mkono, mmoja wa kulia na mwingine wa kushoto.

Mmoja alikuwa yeye mwenyewe. Yeye hakuchukua shuka. Mbili ukitoa moja hakuhitaji kompyuta.

Aliinua macho, akamkuta Kicheko amesimama nyuma yake, ameinama juu ya daftari na karatasi. Alikuwa ameshasoma. Kicheko hakucheka. Alimtazama Bi Pindo, akaangalia pembeni, akasema, "Mimi natangulia. Mume wangu ananisubiri," akaenda zake bila hata kufunga kitambaa chake vizuri.

Ni nani aliyewahi kumwona Kicheko akiondoka bila kucheka? Bi Pindo alishika tama. Akakumbuka kwamba mtaani kwa Kicheko maji hayajatoka tangu mvua ziishe, na kwamba Kicheko amekuwa akilalamika, kufua shuka moja ni safari ya kisimani mara tatu. Kumbe! Analichukua safi jioni, analilalia, asubuhi analirudisha lifuliwe na mashine ya hospitali. Ni akili kabisa, ni akili ya Kicheko hasa. Na moyo ukamuuma, kwa sababu angemwambia tu, angemkopesha shuka la nyumbani kwake, angemkopesha hata matatu.

Jumanne hakusema kitu. Alitaka Kicheko aseme mwenyewe. Walikula kwenye meza moja kama kawaida, wakazungumza habari za hali ya hewa, jambo ambalo kwa miaka kumi na minane hawakuwahi kulihitaji. Mara mbili Kicheko alifungua kinywa kama mwenye neno, mara mbili akakitia mkate.

Jumatano Bi Pindo alifanya jambo ambalo mpaka leo akilitaja huinamisha kichwa. Wanawake wote walipokuwa kwenye mashine, aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akatoa funguo za akiba ambazo msimamizi hupewa kwa dharura, akafungua kabati la chuma la Kicheko. Alijua kwamba Mbea hasikii kupitia chuma. Ndiyo maana alilifungua. Alimwelekeza Mbea ndani. Kimya. Akatoa kitu kimoja kimoja: ndala, sweta la kijani, nusu pakiti ya biskuti, chanuo. Ukutani kwa ndani palikuwa na picha, bibi kizee mwenye bandeji jichoni anacheka mpaka mapengo yanaonekana. Alikuwa mama yake. Bi Pindo alirudisha vitu vyote haraka, akafunga, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi saa nne asubuhi meneja akamwita.

"Limekwisha," alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka. "Amekuja mwenyewe. Kicheko. Amekiri kila kitu. Anasema shuka liko nyumbani kwake, kesho ataleta. Nimempa ruhusa aende. Barua yake itaandikwa Jumatatu."

"Amekiri?"

"Kwa kinywa chake. Wala sikumweka kiti moto."

Niseme ukweli, maana bila huo hadithi hii haina maana. Kitu cha kwanza alichosikia Bi Pindo moyoni kilikuwa afueni. Hakukosea. Wanawake wake hawatamwaga mikoba uani, na yeye hakumfungulia mtu asiye na hatia kabati. Hasira ilikuja baadaye kidogo, ikakaa naye siku nzima. Miaka kumi na minane, alijisemea akipiga kiraka kimoja baada ya kingine, miaka kumi na minane na ameshindwa kuniambia neno moja. Aliupiga mshono ule ovyo, na hilo ni jambo ambalo hajalifanya kabla wala baada ya siku ile.

Saa kumi na nusu akafungua kabati lake, akatoa mkoba wake wa kazini, akautia begani. Mkono wa pili alimshika Mbea, kwa sababu ilibidi amrudishe ofisini kwa meneja, ng'ambo ya ua, na hakuwa na nguvu hata ya kumzima asiendelee kutafuta namba ile. Alikuwa hajafika mlangoni Mbea alipolia.

Aliangalia kioo. Nne-moja-saba.

Akageuka nyuma haraka, akidhani labda kuna mtu. Hakuna mtu, wenzake walikuwa wameshatoka. Akatoka nje, uani, mbali na rafu zote za mashuka. Mbea aliendelea kulia. Akazunguka mara moja kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Mbea akazunguka naye akilia. Muuza magazeti akasimama kutazama. Bi Pindo akauweka mkoba chini, akarudi nyuma hatua kumi. Mbea akanyamaza. Akausogelea mkoba. Mbea akapiga kelele kama mtoto aliyeona maziwa.

Alipiga magoti palepale kwenye saruji, akatoa mkasi, akafumua bitana ya mkoba wake. Bitana hiyo aliitia mwenyewe, wakati ule ule wa kushona tagi. Kulikuwa na shuka moja ambalo alilimaliza, na alipolikunjua akaona limechanika katikati mpaka halina dawa. Alilitupa kwenye rundo la matambara, ambayo kila mfanyakazi ana ruhusa ya kuchukua. Jioni akajichukulia kipande chake cha pembeni, kilichokuwa bado kizima, chenye pindo imara la mishono miwili, akakifanya bitana. Tagi mia tatu kwa siku, nani atakumbuka kwamba lile alikuwa ameshalitia tagi? Kompyuta ilibaki inaamini shuka ni zima. Mchana mkoba ulikuwa ndani ya kabati la chuma, na Mbea hakusikia. Asubuhi na jioni ulipita chini ya kifaa cha mlangoni, nacho kikaandika.

Alikaa kwenye saruji na tagi kiganjani. Alitaka kucheka, na kicheko chenyewe kilikuja mpaka kooni. Kisha ndipo akakumbuka Kicheko, na kikarudi chini.

Meneja alikuwa anafunga dirisha la ofisi. Bi Pindo aliingia bila kubisha hodi, akaweka mezani tagi, kipande cha shuka, mkoba uliofumuliwa na Mbea mwenyewe anayelia. Alieleza mara moja. Meneja hakuelewa. Akaeleza mara ya pili, akimwonyesha kwa kidole. Meneja alikaa, akaitazama tagi, akamtazama yeye, halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akavua miwani.

"Na yule mwingine je?" alisema alipopata pumzi. "Kama shuka ni hili, yeye amekiri nini?"

"Hilo ndilo ninalokwenda kumuuliza," Bi Pindo akasema. "Barua haiandikwi?"

"Barua gani? Nitaandika kwamba shuka limeonekana. Nenda."

Kicheko alikuwa kibarazani kwake, ana beseni la vitunguu mapajani, anamenya. Mumewe alikuwa ndani anasikiliza habari. Jua lilikuwa bado halijashuka. Alipomwona Bi Pindo anaingia na mkoba unaoning'inia matumbo alishtuka, akainuka nusu.

"Wamekukamata?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nani anikamate?"

"Si nimewaambia ni mimi? Kwa nini hukunyamaza, Pindo? Nilishamaliza kila kitu!"

Bi Pindo alikaa kwenye ngazi. "Wewe ulidhani nimechukua mimi," alisema.

"Sikudhani. Nilijua. Siku zile mbili tulikosekana wawili, na mimi sikuchukua. Nikajua ni kwa ajili ya mama. Macho yale yanataka shuka safi kila usiku, kabla ya operesheni na baada yake, daktari si alisema? Na wewe ukaona haya kuniomba nikusaidie kufua." Alifuta macho kwa mgongo wa mkono; vitunguu vilikuwa kisingizio kizuri. "Mimi nina mume anayefanya kazi. Wewe unaye bibi kizee na mshahara mmoja. Ukifukuzwa mtakula matofali?"

Bi Pindo alimtolea kile kipande cha shuka, akamsimulia habari ya tambara na tagi. Kicheko alisikiliza mdomo wazi, kisu hewani. Hadithi ilipofika pale pa kuzunguka uani na muuza magazeti, kile kicheko maarufu kilianza kububujika. Bi Pindo akamwekea mkono gotini.

"Ngoja. Usicheke bado. Mimi nilidhani ni wewe."

"Ndiyo, maana—"

"Nilifungua kabati lako Jumatano. Nilipekua vitu vyako. Na leo waliponiambia umekiri, nilifurahi."

Bi Pindo hakuinua macho. Alingoja lolote, hata kufukuzwa kibarazani.

"La kabati nalijua," Kicheko alisema mwishowe. "Sweta langu mimi hulitupia humo. Nililikuta limekunjwa mara tatu, kona kwa kona. Nani mwingine angeweza kupekua namna hiyo?"

"Ukajua, na bado ukaenda kukiri?"

"Nikasema maskini, amechanganyikiwa kwa hofu. Anatafuta kwangu kitu ambacho kiko kwake." Akachukua kitunguu kingine, akakitazama bila kukimenya. "Na usijifanye wewe ndiye mwenye dhambi peke yako. Wewe angalau ulitafuta ushahidi. Mimi sikutafuta hata dakika moja. Nilisoma karatasi ile nikakuhukumu palepale, na siku mbili nimekula na wewe nikikuhesabu mwizi."

Katika maisha ya Bi Pindo watu wengi walikuwa wamemwamini, na alikuwa akijivunia hilo. Hakuwahi kufikiri jinsi mtu anavyoweza kutokukuamini hata kidogo na bado akaenda kusimama mahali pako. Machozi yalimtoka, naye hakuwa na kitunguu cha kusingizia.

"Na kama ningekuwa nimeliiba kweli?" aliuliza.

"Ningekugombeza mwaka mzima," Kicheko akasema, akimsogezea beseni na kisu cha pili. "Lakini mbele ya meneja ningekugombea vilevile."